Kichaka cha Maua Kinaponyauka Kiangazi: Jinsi ya Kusoma Kiu Yake na Kukiokoa

Swali ni lile lile, likitoka Dodoma mwezi Agosti au Dar es Salaam mwezi Februari: "Namwagilia kila jioni, mbona maua yangu yanakauka?" Anayeuliza huwa hadanganyi. Kweli anamwagilia. Tatizo ni kwamba maji yake hayafiki kwenye mizizi, au kichaka chake hakina kiu kabisa na anakizamisha kwa huruma.

Mwongozo huu ni wa vichaka vya mapambo vilivyozoeleka kwenye nyua zetu: haibiskasi, boganvilia, akalifa, krotoni, iksora, duranta, oleanda na waridi la jangwa. Ufuate kwa mpangilio wake. Anayerukia hatua ya tano ndiye anayerudi baada ya wiki mbili na swali lile lile.

## Vitu vya kuandaa

- Nondo nyembamba ya milimita 8, urefu kama nusu mita. Kipande kilichobaki kwa fundi kinatosha.
- Dumu la lita 20, na kopo au keni.
- Jembe dogo au koleo la bustani.
- Kisu kikali au mkasi wa kupogolea.
- Matandazo: majani makavu, nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au maranda ya zamani.
- Kwa mimea ya kwenye vyungu, beseni pana linaloweza kumeza chungu.
- Kipande cha wavu wa kivuli au kanga kuukuu.

Mbolea haimo, na haikusahaulika. Sababu iko hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Kitazame alfajiri

Amka uende bustanini kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu. Tazama majani: yamesimama au yamelegea?

Saa hiyo ina maana yake. Mchana wa joto kali, jani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hivyo hulegea hata kama udongo umelowa. Jua likishuka, mizizi hulipa deni. Kufikia alfajiri kichaka kimepata usiku mzima wa kunywa. Kikiwa bado kimelegea, basi ama udongo umekauka kweli, ama mizizi yenyewe ina matatizo.

Kwa hiyo kulegea kwa saa 8 mchana peke yake si dalili ya kukimbilia ndoo.

Kuna kipimo kingine cha mchana, ambacho wengi hawakijui. Chagua majani mawili yanayopigwa na jua sawasawa, moja la kichaka chenye afya na moja la kile unachokitilia shaka, uyabane kwa vidole. Jani la mmea ulioshiba maji huwa na ubaridi kidogo, kwa sababu mvuke unaotoka kwenye vitundu vyake vidogo, vile tulivyofundishwa shuleni kuviita stomata, huupooza. Mmea wenye kiu hufunga vitundu hivyo ili kubana matumizi, na jani lake hupata joto. Kufunga huko kuna gharama: hewa ya ukaa haiingii, chakula hakitengenezwi, na ukuaji unasimama.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kama kichaka kimeamka kimesimama au kimelegea. Kilichosimama huenda kinahitaji matandazo tu. Kilicholegea, endelea.

## Hatua ya 2: Piga nondo kabla ya kupiga ndoo

Simama chini ya ncha za matawi, mbali na shina, uisukume nondo ardhini kwa mkono mmoja. Kwenye udongo wenye unyevu itazama. Ikifika penye ukavu itagoma. Weka kidole kwenye usawa wa ardhi, ichomoe, upime. Rudia sehemu tatu kukizunguka kichaka, maana jiwe moja linaweza kukudanganya. Kwenye kichanga tupu cha pwani nondo huzama hata pakiwa pakavu, hivyo huko chimba kishimo cha kiganja kimoja na ushike udongo: ukigandamana kidogo ukiubana, una maji, ukimwagika kama chumvi ya mezani, hauna.

Soma majibu hivi:

Nondo imegoma kabla ya kufika sentimita 10. Kiu ya kweli. Umekuwa ukilowesha vumbi la juu tu.

Imezama sentimita 20 au zaidi na kichaka kimelegea. Simamisha maji mara moja. Chimba kidogo utafute mizizi myembamba. Mizizi mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu na ina ukakamavu. Iliyooza ni myeusi, inateleza, ngozi yake inachomoka ukiivuta na ina harufu ya mtaro. Kichaka cha namna hiyo kinalegea kwa sababu hakina tena cha kunywea, na ndoo moja zaidi ndiyo itakayokimaliza.

Imegoma karibu na shina lakini imezama pembeni. Hii ni ya miche iliyopandwa karibuni. Udongo wa kwenye kiriba cha kitalu mara nyingi ni tofauti na wa shambani, na mizizi bado imejifungia humo. Pembeni pamelowa, donge la mizizi ni kavu kabisa. Mche wa namna hii unaweza kufa kwa kiu katikati ya matope.

Onyo: udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Athi River na wa mbuga za Dodoma, hupasuka ukikauka, na nyufa hizo hukata mizizi myembamba. Nondo ikitumbukia ghafla, umeingia kwenye ufa. Hamisha.

## Hatua ya 3: Jua tabia ya kichaka ulichonacho

Hapa ndipo watu wanapoteza maua mengi, kwa sababu wanatarajia kila mmea ulalamike kwa namna moja.

Akalifa ndiye mpiga mbiu wa bustani. Majani yake mapana na mepesi yanalegea mapema kuliko ya wenzake wote, na yanasimama upesi yakipata maji. Ukiwa nayo moja kwenye kona yenye jua, itumie kama kengele. Mimi ningeipanda kwa kazi hiyo tu, hata kama rangi yake haikuvutii.

Haibiskasi haileti vurugu. Kwanza matumba yanaanguka kabla ya kufunguka. Halafu majani ya zamani, yale ya ndani na ya chini, yanageuka manjano na kudondoka moja moja, huku ncha za matawi zikibaki kijani. Mmea unauza majani yasiyo na faida kubwa ili kuokoa machipukizi. Ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja tu, kwa hiyo maua yaliyonyauka chini ya mti si ushahidi. Okota yaliyoanguka: yakiwa matumba yaliyofungwa, hiyo ndiyo dalili.

Tazama pia upande wa chini wa majani ya haibiskasi. Hali ya joto, ukavu na vumbi ndiyo inayopendwa na utitiri. Vidoa vidogo vya manjano juu ya jani na utando mwembamba chini yake ni kazi yao. Kichaka cha kando ya barabara ya vumbi kinapata tabu zote mbili kwa pamoja. Piga majani maji kwa nguvu ya wastani asubuhi, upande wa chini hasa.

Boganvilia ni kesi ya kinyume. Ukavu wa wastani huisukuma kutoa maua. Zile sehemu za zambarau na nyekundu tunazozisifia ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijibomba kidogo cheupe kilicho katikati. Ukiinywesha kila siku itakupa majani ya kijani, matawi marefu na miiba. Wengi wanaolalamika kwamba boganvilia yao haichanui wana bomba la maji jirani nayo. Iliyokomaa ardhini iache hadi majani machanga yalegee alfajiri, ndipo uipe maji.

Krotoni huning'iniza majani yake yakaelekea ardhini na kupoteza mng'ao. Ukavu ukizidi, huangusha ya chini na kubaki na kishungi juu kabisa ya kijiti. Sehemu iliyopukutika majani kwa kawaida hubaki uchi mpaka upogoe, kwa hiyo krotoni haisamehe uzembe. Utomvu wake huwasha ngozi, vaa glavu.

Iksora ni mbishi. Majani ya iksora ni magumu, hayalegei kwa namna ya kuonekana. Utagundua kingo zimeungua rangi ya kahawia na vishada vya maua vimekuwa vidogo. Kingo huungua kwanza kwa sababu maji hufika huko mwisho. Lakini angalia sana: iksora iliyopandwa kwenye udongo wa chokaa, kama maeneo ya matumbawe Unguja na Mombasa, au chini ya ukuta ambapo mafundi walimwaga masalio ya saruji, huwa na majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chokaa kinayafunga udongoni na mizizi haiwezi kuyachukua. Mwagilia mpaka kisima kikauke, rangi haitarudi.

Oleanda huvumilia sana. Majani yake yana ngozi nene, na vitundu vyake vya hewa vimefichwa ndani ya vishimo vyenye vinyweleo upande wa chini, hivyo mvuke unatoka kwa taabu. Ikianza kuangusha majani kwa wingi, ukavu umeshapita kiasi. Onyo: oleanda ni sumu kuanzia mizizi hadi ua. Usiwape mbuzi matawi yake, usiyachome moto, na usiyafanye vijiti vya mishikaki.

Waridi la jangwa likipukutisha majani kiangazi, limelala. Bonyeza kitako chake kilichovimba: kikiwa kigumu, liache. Kikiwa kimesinyaa lakini hakina majimaji, lipe maji kidogo. Kikibonyea na kutoa ute, kimeoza, na aliyekiozesha ni mwenye keni.

Dalili moja inawahusu wote. Fuata tawi kutoka ncha kuelekea shina ukitazama umbali kati ya jani na jani. Penye maji ya kutosha majani yameachana; penye kiangazi yamesongamana na ni madogo. Kukua kwa jani ndicho kitu cha kwanza kusimama mmea ukipungukiwa na maji, siku nyingi kabla ya kulegea. Tawi lina kumbukumbu ya misimu yote miwili iliyopita, na haliogopi kukuonyesha mwezi uliposafiri ukakiacha bila maji.

## Hatua ya 4: Kwangua gome

Kabla ya kumwaga maji yako ya mgao kwenye kuni, hakikisha kichaka kipo hai. Anzia kwenye ncha ya tawi, kwangua gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, tawi linaishi. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka sentimita 10, kwangua tena. Endelea hadi shinani.

Matawi hufa kutoka nchani kwa sababu ukavu mkali huingiza viputo vya hewa kwenye mirija inayopandisha maji, na mrija ulioingia hewa haupitishi tena. Kwa hiyo ncha kavu juu ya shina la kijani si msiba.

Umefaulu ukiwa umefunga uzi mahali kijani kinapoanzia. Usikate bado.

## Hatua ya 5: Nywesha kwa kina

Fanya hesabu hii mara moja, hutarudi kwenye kopo. Lita 2 zikitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni kina cha milimita 2 za maji. Kwenye kichanga kikavu, hizo zitalowesha kama sentimita 2 za udongo, na jua la kesho litazichukua zote. Mizizi itapanda juu kufuata unyevu huo mdogo, ambako joto ni kali zaidi. Ndivyo unavyotengeneza kichaka kisichoweza kukaa siku mbili bila wewe.

Kulowesha sentimita 25 kwenye mita hiyo hiyo kunataka takribani lita 25 penye kichanga, na hadi lita 50 penye mfinyanzi. Yaani dumu moja na ziada, au madumu mawili na nusu. Lakini kwa mara moja, kisha unapumzika siku kadhaa.

Utaratibu wenyewe:

1. Ondoa nyasi zilizokizunguka kichaka, upana wa mita moja. Nyasi ya bustani hunywa kwanza.
2. Chimba mfereji mduara usiozidi kina cha vidole vitatu, chini ya ncha za matawi. Mizizi inayokunywa ya kichaka kikubwa iko huko, si shinani. Kwa mche wa mwaka wa kwanza, tengeneza sinia dogo kulizunguka shina, maji yaingie kwenye lile donge la kiriba.
3. Mwaga lita 5 tu, usubiri nusu saa. Udongo uliokauka sana, hasa wenye samadi nyingi, hukataa maji. Yanateleza juu na kukimbilia kwa jirani. Hizi za kwanza ni za kuulainisha.
4. Mimina yaliyobaki polepole, kwa awamu mbili au tatu.
5. Kesho yake piga nondo. Ikizama sentimita 20 hadi 25, umefika. Isipozama, ongeza.

Uzio wa michongoma, au kayaba kwa watu wa Nairobi, hauhitaji miduara. Chimba mfereji mmoja kila upande, sentimita 30 kutoka mashinani.

Wakati mzuri ni asubuhi, ili mmea uingie mchana ukiwa umeshiba. Ila kama maji yenu hutoka saa 8 usiku, tumia hayo hayo. Kanuni ya asubuhi isiue maua ya mtu mwenye mgao.

Kwenye chungu mambo ni tofauti. Udongo ukikauka hujikunja na kuacha mwanya kando ya ukuta, maji yanapita mwanyani na kutokea chini, nawe unadhani umeshanywesha. Tumbukiza chungu kizima ndani ya beseni la maji hadi viputo viache kutoka, kama nusu saa. Kisha kitoe kichuje. Usikilaze humo.

Onyo kuhusu aina ya maji. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wakazi wa pwani wanayajua vizuri, huacha ukoko mweupe udongoni na kuunguza ncha za majani. Ukilazimika kuyatumia, usitoe kidogo kidogo: mwaga mengi kwa mkupuo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Maji ya kusuuzia mboga au mchele ni mazuri. Yaliyofuliwa kwa sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha nguo, yamwage kwingine.

## Hatua ya 6: Funika udongo siku hiyo hiyo

Tandaza matandazo kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo uliolowa. Ukifunika udongo mkavu unahifadhi ukavu. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwa sababu unyevu unaogusa gome huliozesha, na mchwa hupenda kupita chini ya majani hadi kwenye shina lililodhoofika. Funua kila wiki uangalie njia zao za udongo.

Maranda mabichi kutoka kwa seremala yaweke juu tu, usiyachanganye na udongo. Yakioza humo hunyang'anya mimea naitrojeni.

Krotoni au iksora inayopigwa na jua la magharibi, isimikie wavu au ile kanga kwa wiki moja au mbili. Usiifunike ikagusana na majani. Kivuli cha alasiri kinatosha.

## Hatua ya 7: Ficha mkasi na mbolea

Mtu akiona mmea mnyonge anakimbilia mbolea. Mbolea za dukani kama urea, CAN na NPK hufanya kazi kama chumvi zikiyeyuka, na chumvi nyingi kwenye udongo mkavu huyazuia maji yasiingie mizizini, hata kuyavuta yatoke. Samadi mbichi ya kuku inaunguza vivyo hivyo. Subiri hadi majani mapya yafunguke kabisa, kisha anza na mboji iliyoiva.

Mkasi nao usubiri. Ukipogoa sana katikati ya kiangazi, kichaka huamka na kusukuma machipukizi laini yanayotaka maji ambayo hakina. Ondoa yaliyokufa kabisa na yenye ugonjwa. Yale uliyoyafunga uzi yakate vichipukizi vikishatokea, kwa sababu mara nyingi vinatokea juu ya pale ulipodhani ndipo mwisho.

Usihamishe kichaka pia. Kuhama kunakata mizizi myembamba, na hiyo ndiyo inayokipigania sasa.

## Hatua ya 8: Subiri kwa kujua unachosubiri

Kilicholegea kidogo kinasimama ndani ya usiku mmoja. Jani lililoungua kingo halirudi kijani hata likinyeshewa mwezi mzima, kwa hiyo usilitumie kupima mafanikio. Tazama vifundo vya matawi, pale majani yanapoota: ndani ya wiki mbili hadi nne unapaswa kuona vichipukizi vya kijani au vyekundu vikijitokeza. Maua yatachelewa zaidi.

Kikiangusha majani mengine siku chache baada ya kunyweshwa, usishtuke. Mmea unamalizia kuyaachia yale ulioanza kuyakata wakati wa kiu.

Kurudia kumwagilia kuamuliwe na nondo, kalenda iwe msaidizi. Anza na makadirio haya: kichanga cha pwani kila siku 3 hadi 5, udongo tifutifu kila wiki, mfinyanzi kila siku 10 hadi 14. Chungu cha udongo kilicho juani kinaweza kutaka kila siku. Boganvilia, oleanda na waridi la jangwa vilivyokomaa, zidisha muda huo mara mbili. Baada ya kila mizunguko miwili, ongeza siku moja katikati ukitazama akalifa alfajiri. Mizizi itashuka ikifuata maji, na kiangazi kijacho dumu lako litakwenda mbali zaidi.

Zikipita wiki sita bila kichipukizi, kwangua shina usawa wa ardhi. Pakiwa kahawia, ng'oa. Mbadala panda mvua zikianza, vuli au masika kwa watu wa pwani, Desemba kwa watu wa Dodoma, na kama eneo hilo halina bomba la karibu, mhina utakaa vizuri kuliko krotoni nyingine.